Uzito wa Wakewenza

Pale Mwambani, makazi ya mbali huko angani, hapakuwa na mtoto asiyejua umbeya wa angani. Upande wa kushoto wa dirisha kubwa la ukumbi walikaa wakewenza wawili, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, nyota mbili za buluu, nzito ajabu, zilizokaribiana hadi zikavutana na kuwa na umbo la mayai. Kutwa kucha walizungukana. Mara Bi Mdogo ampite mwenzake kwa mbele, nuru ipungue, watu ukumbini waseme, "Haya, kaanza vituko vyake." Mara Bi Mkubwa naye apite mbele, nuru ipungue tena, waseme, "Kalipa!" Kwa macho matupu walikuwa nukta moja tu. Vyombo ndivyo vilivyowatenganisha, vyombo na umbeya.

Ila msimu ule mzaha ulikuwa umepungua. Meli yao Korongo, iliyokwenda mbali kuchota barafu, ilikuwa njiani kurudi, na haikuwa na mafuta ya kugeuka yenyewe. Ilipangwa ipite karibu na wakewenza, wakewenza waivute, waipinde kama jiwe kwenye kombeo, kisha ielekee nyumbani. Ipindwe kiasi gani? Hapo ndipo penye kazi. Yote yalitegemea uzito wa wale wawili. Mafuta yaliyobaki yalitosha kurekebisha njia mara moja, tena mapema, kabla mabaharia hawajauhisi mvuto wenyewe, na macho ya meli yalikwishapofushwa na mng'ao wa huko. Ikipewa uzito usio wa kweli, Korongo ingepita pembeni ya Mwambani na kuendelea gizani, watu wamo ndani wanapiga soga mpaka hewa iwaishie.

Wa kuwapa uzito huo alikuwa Sikudhani, mpimaji. Na mumewe, Mwinshehe, alikuwa fundi bomba ndani ya Korongo. Mungu anapenda kutania.

Lakini Sikudhani hakupima peke yake. Mwambani neno la mtu mmoja halipimi kitu. Wapimaji huwa wawili, kila mmoja na chumba chake na darubini yake, na hawasemezani habari za kazi mpaka majibu yafunguliwe ukumbini mbele ya watu wote. Majibu yakilingana, vigelegele. Yasipolingana, watu huzomea, na aibu inawakalia wote wawili. Hayo ya kuzomea yalisimuliwa tu, maana hata wazee hawakukumbuka lini majibu yalikataa kulingana. Walijivunia sana jambo hilo.

Mpimaji wa pili aliitwa Hemedi Kirobo, mtu wa adabu mpaka anakera. Akikanyagwa yeye, yeye ndiye anayeomba radhi. Chakula kikiwa kibaya atakisifia, na akiulizwa kama ameshiba atamtazama kwanza mpishi.

Siku ya kufungua, Bi Asumini, mwenyekiti wa Baraza, alisimama akasoma jibu la Sikudhani: wakewenza kwa pamoja ni mara sitini na moja ya jua la mababu. Akasoma la Hemedi. Sitini na moja.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Bi Chausiku, mama yake Mwinshehe, alicheza mpaka kitenge kikamdondoka. Ujumbe ulipangwa kurushwa Ijumaa, maana redio huchukua miezi kuufikia mkono wa nahodha, na baada ya Ijumaa ungemkuta amekwishapita mahali pa kurekebisha. Hemedi alimshika Sikudhani mkono akasema, "Hongera, dada Siku. Umepima vizuri."

"Tumepima," Sikudhani alimsahihisha, naye akacheka kwa furaha.

*

Kesho yake Sikudhani alikuwa akifuta vioo vya darubini. Vioo vilikuwa vya rangi mbalimbali, lakini cha buluu ndicho kilichochakaa. Marehemu Mwalimu Kombo, aliyewafundisha wote wawili, alikuwa akisema nyota za buluu zipimwe kwa buluu, na nyekundu tumwachie mpishi aangalie makaa. Basi kioo chekundu kilikuwa kipya, hakina hata mkwaruzo. Sikudhani alikichomeka tu ili aone kama kimetakata. Huko juu Bi Mdogo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumfunika mwenzake.

Alitazama mstari wa nuru ukishuka kwenye kompyuta. Ukashuka, ukashuka, ukatulia. Akaushangaa. Ulikuwa umetulia mapema mno.

Nyota mbili zenye joto linalokaribiana zikifunikana, nuru hupungua kwa kiasi kilekile, uangalie kwa kioo chochote. Sasa kwenye buluu ilishuka sana, na kwenye nyekundu ilishuka kidogo. Sikudhani alirudia. Akabadilisha kioo, akarudisha. Mambo yakawa yaleyale.

"Kuna mtu amewasha taa," alijisemea.

Hebu tuliweke hivi. Wanawake wawili wamekaa chumbani, kila mmoja na kandili yake, na mmoja akipita mbele ya mwenzake anaikinga ile ya nyuma. Wewe uko nje unapima giza linaloingia ili ujue wamepitana kwa kukingana kabisa au kwa kuegemea upande. Lakini dirisha liko wazi, na taa ya jirani inamulika humo humo. Giza halitatimia kamwe. Utadhani hawakukingana sawasawa.

Na ukidhani hivyo, umepotea. Kasi ya wakewenza husomwa kwenye mistari ya rangi zao, ambayo husogea upande mmoja nyota ikija na upande wa pili ikienda. Ukiamini kwamba wamekingana nusunusu, unaamini njia yao imeinama, na kwamba kasi unayoiona ni sehemu tu ya kasi yao ya kweli. Unawaongezea kasi. Ukiwaongezea kasi, unawaongezea na uzito. Unawapa uzito ambao hawana.

Sikudhani aliitafuta mistari ya jirani, akaipata, myembamba, imejificha katikati ya mingine. Haikusogea hata chembe wakati ya wakewenza ikienda na kurudi. Jirani huyo alikuwa mbali nyuma yao, nyota nyekundu iliyosimama tu kwenye mstari mmoja nao, haiwavuti wala hawaivuti. Alipoiondoa nuru yake kwenye hesabu, hata ile kidogo iliyopenya kwenye buluu, sitini na moja ikawa hamsini na nne.

Nahodha angeambiwa atapindwa kwa nguvu ya sitini na moja, naye angepindwa kwa hamsini na nne. Mwinshehe wake angepita mbali na nyumbani, na asingerudi tena.

Kisha wazo la pili likamjia, nalo lilimtisha kuliko la kwanza. Je, kama jirani hayupo? Mistari ile ilikuwa hafifu mno. Na yeye hakuwa mpimaji tu, alikuwa mke aliyemkosa mumewe miaka na miaka, mwenye hofu iliyojaa mpaka shingoni. Hofu nayo ina macho yake. Kama ni hofu iliyochora mistari ile, basi hamsini na nne ndiyo itakayomuua Mwinshehe, kwa kumpeleka karibu mno na Bi Mkubwa.

*

"Mama, nimekosea," alimwambia mkwewe jikoni.

Bi Chausiku alikuwa anachambua mchicha. "Umekosea nini tena? Chumvi?"

"Wakewenza."

Bi Chausiku aliweka bakuli chini. Sikudhani alimweleza yote, polepole, na yule mama, ambaye hakuwahi kushika darubini lakini alikuwa amezaa watoto watano na kulea wa wenzake, alielewa upesi.

"Sasa unangoja nini? Mwambie Hemedi! Chumba chake kile pale. Mwambie, kaka, tazama kwa nyekundu, nawe utaona."

"Nikimwambia atafute jirani, atamwona jirani. Hata kama hayupo."

"Ataonaje mtu asiyekuwepo? Hemedi mchawi?"

"Mama, ile pete yako ilipopotea, ukasema ameivaa Chiku. Ukumbi mzima tuliiona kidoleni mwake. Mimi mwenyewe niliiona, ningeapa. Ikaja kutoka kwenye unga."

Bi Chausiku hakupenda kukumbushwa pete ile. Alichukua jani la mchicha akalikunjakunja. "Mwanangu yuko kule," alisema hatimaye. "Wewe umeolewa naye. Mimi nilimbeba. Usiniletee habari za mila."

"Si mila, Mama. Jicho la Hemedi ndilo pekee tulilobaki nalo ambalo halijaguswa na hofu yangu. Nikiligusa, tumebaki na mimi tu, mara mbili."

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza wanarusha sitini na moja. Kama nimeona kweli, tumemuua."

"Basi ukisema unaua, ukinyamaza unaua. Elimu gani hii?" Bi Chausiku alijipangusa macho kwa mkono wenye mchicha. "Na ile nyingine? Ya kurudisha neno?"

Sikudhani alikuwa ameifikiria, akaiogopa. Mpimaji aliweza kulirudisha neno lake mbele ya watu, na wapimaji wote wawili wakapima upya. Lakini aliyerudisha neno alipima mara hiyo moja tu ya mwisho. Baada ya hapo alivuliwa koti la kijivu la upimaji, na hakugusa darubini tena maisha yake yote. Alikuwa ameingia kwenye chumba kile akiwa msichana. Hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

"Hiyo ipo," alisema.

Bi Chausiku alirudi kwenye bakuli lake la mchicha. "Mimi siwezi kukuomba hilo," alisema. "Lakini nalitamani. Nisikufiche."

*

"Nalirudisha neno langu," Sikudhani alisema ukumbini.

Kwanza watu hawakuamini. Halafu minong'ono ikaanza, ikapanda, mpaka Bi Asumini akagonga meza.

"Umekosea wapi?"

"Sisemi."

"Uzito umezidi au umepungua?"

"Sisemi, Bi Mwenyekiti. Naomba vyumba vyote viwili vipime upya kabla ya Ijumaa, kwa vioo vyote tulivyonavyo, si kwa kile tulichozoea."

"Sikudhani, Baraza linakuuliza."

"Nami Baraza nalinyima. Nikisema hapa, Hemedi anasikia. Akishasikia, mtakuwa na mpimaji mmoja."

Hapo ndipo watu wa Mwambani walipojua kuzomea ni nini. Mama mmoja aliinuka na kupiga kelele, "Mwanangu yumo mle! Unatuchezea?"

"Na mume wangu yumo," Sikudhani alijibu, na machozi yakamtoka mbele za watu, akayaacha yatoke.

"Upweke umempanda kichwani," mtu mwingine alisema nyuma, wala hakushusha sauti.

Sikudhani alimtafuta Hemedi kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatazama viatu vyake, jasho linamtiririka kama mtu aliyekaa karibu na tanuri. Masikini, ananionea huruma, Sikudhani aliwaza.

Bi Asumini alishauriana na wenzake kwa ukali, akasimama. "Mtapima. Sikudhani, siku ya kufungua utalivua koti, iwe umepatia au umekosea. Sheria haiangalii sababu."

"Najua."

*

Walipima. Bi Mdogo alimpita mwenzake, kisha Bi Mkubwa akalipa, na katika vyumba viwili watu wawili walikuwa wakihesabu nuru ileile bila kujuana. Sikudhani alijilazimisha kuanza moja, kama mtu asiyejua lolote. Alijaribu hata kumfukuza jirani, akampa kila nafasi ya kutokuwepo. Jirani aligoma kuondoka.

Alhamisi mchana alikwenda kuchota chai, akakutana na Hemedi kwenye ujia mwembamba unaounganisha vyumba. Hapakuwa na mtu mwingine. Hemedi alisimama. Alikuwa amekonda kwa siku hizo chache, na macho yake yalikuwa yakiomba kitu. Alifungua mdomo.

Neno moja tu lingetosha. Nyekundu. Sikudhani alilihisi limekaa kwenye ncha ya ulimi, tamu. Akaona sura ya Mwinshehe, jinsi anavyokuna ndevu akiwa anafikiri. Angelisema tu, halafu alale salama, akiwa na hakika Hemedi atatoka na jibu kama lake.

Lakini ingekuwa hakika ya namna gani? Aliuma mdomo, akajibana ukutani, akapita. Chai ilimmwagikia mkononi, ikamuunguza, naye hakusema hata "aah".

Ijumaa asubuhi ukumbi ulijaa mpaka watoto wakawekwa mabegani. Bi Asumini alianza na jibu la Hemedi.

"Wakewenza kwa pamoja, mara hamsini na nne. Nuru ya nyota ya tatu imechanganyika na yao. Nyota hiyo ni nyekundu, iko mbali nyuma, si ya nyumba yao."

Akasoma la Sikudhani. Hamsini na nne na robo. Nyota ya tatu, nyekundu, iko mbali nyuma.

Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wakikumbuka walivyocheza wiki iliyopita. Bi Chausiku alikaa chini sakafuni palepale aliposimama. Ujumbe ukarushwa, na Sikudhani akavua koti, akamkabidhi mwenyekiti, akatoka na gauni lake la nyumbani.

*

Walimpa kazi ya shamba, kwenye vitalu vya mtama vinavyokua chini ya taa. Miezi ilikwenda. Mtama ulivunwa, ukapandwa, ukavunwa tena. Mikono yake ikaota sugu, na wakewenza akawa anawaona kama wanavyoonwa na watu wengine wote, nukta moja dirishani. Nyakati nyingine alilia kwa kuikosa darubini, tena kwa sauti, maana mtama hausemi.

Kisha jibu likaja, likatangazwa kwenye vipaza sauti wakati wa chakula cha mchana. Korongo imepita. Imepindwa ilivyopangwa, na pua yake inatazama Mwambani. Ikafuata sauti ya Mwinshehe, imejaa mikwaruzo: "Mwambieni Siku tuko njiani. Na mama aache kulia."

"Nani analia?" Bi Chausiku alifoka, kamasi zinamchuruzika, akamkumbatia mkwewe mpaka wakaanguka wote wawili kwenye benchi.

Alasiri ile Hemedi alikuja shambani. Alisimama pembeni ya kitalu na koti lake la kijivu, akasifia mtama.

"Umekuja kuangalia mtama, kaka Hemedi?"

"Hapana." Alishika kola ya koti lake. "Nilisema nisubiri mpaka tujue wamepona. Dada Siku, ile mara ya kwanza, nilipima na kwa kioo chekundu pia."

Sikudhani aliacha kupalilia.

"Nilimwona jirani. Nilipata hamsini na tano. Nikajua wewe utapima kwa buluu, kama alivyotufundisha Mwalimu Kombo, na nikijua alivyotufundisha najua na utakachopata. Nikaona nikitoa langu, majibu hayatalingana, utazomewa mbele ya watu, na mumeo yuko safarini. Nikaona si adabu."

"Ukalifuta."

"Nikalifuta. Nikajiambia huenda ni mimi niliyeona vibaya."

Sikudhani alitamani kumpiga kwa lile jembe. Alilikaza mkononi mpaka mpini ukalia. "Ungemuua mume wangu kwa adabu, Hemedi!"

"Ndiyo," alisema Hemedi, na hakutafuta neno la kulipunguza.

Taa za shamba zilivuma juu yao. Sikudhani alikuwa na swali lingine, na aliliogopa. "Siku ile tulipokutana kwenye ujia, ulitaka kuniambia hivyo?"

Hemedi alitikisa kichwa. Alikuwa analia sasa. "Nilitaka kukuuliza unataka iwe ngapi. Ungeniambia, ningeiandika. Yoyote ile, ningeiandika. Ukanipita bila neno. Nikarudi chumbani sijui unataka nini, sijui Baraza linataka nini, sina wa kumfurahisha. Ikabidi niandike nilichokiona."

Sikudhani aliketi kwenye ukingo wa kitalu. Alifikiria miaka yote ile ambayo majibu ya Mwambani yalilingana, wapimaji wote wale waungwana, na vigelegele vyote. Unene wa kuta walizojenga juu ya majibu hayo. Hewa. Maji.

"Kabla yetu walifuta wangapi?" aliuliza.

"Sijui. Huwa hatusemezani."

"Baraza linakaa jioni hii. Utakwenda kuwaambia, na kila kilichopimwa kitapimwa upya."

"Watanivua na mimi. Watanizomea." Hemedi alijifuta uso kwa kiganja. Kisha, kama alivyofanya maisha yake yote, alimtazama usoni kutafuta jibu. "Wewe unaonaje, dada Siku? Niseme yote, au niseme kidogo tu?"

Sikudhani aliinama, akashika jembe, akaendelea kupalilia. Hemedi alingoja, akangoja, mpaka akaelewa kwamba hatajibiwa, ndipo akageuka na kwenda ukumbini peke yake.